Mtoto wa Gredi ya 5 Asiyesoma: Jinsi ya Kupanga Ngazi za Msaada katika Shule za Mombasa

Kila shule ya msingi, kuanzia Likoni hadi Jomvu, ina watoto ambao walimu wanajua kwamba hawajui kusoma. Mara nyingi orodha yao iko kichwani mwa mwalimu wa darasa, na mwalimu akipewa uhamisho inaondoka naye. Hata ikiwa imeandikwa, huwa ni majina matupu: hakuna siku, hakuna chumba, hakuna mwalimu aliyekabidhiwa kazi, wala tarehe ya kuangalia kama mtoto amesogea. Mwongozo huu nimewaandikia walimu wakuu na manaibu wao, maafisa wa mtaala wa zoni na wakuu wa elimu wa kaunti ndogo wanaotaka orodha hiyo iwe mpango.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Mpango wa msaada huanzia kwenye somo la darasa zima na kwenye ratiba. Kuwatoa watoto darasani huja baadaye, na kwa wachache. Shule inayoanza kwa kuwatoa hujikuta imeunda "darasa la wajinga", na mtoto akishabandikwa jina hilo mbele ya wenzake, kumrudishia moyo huchukua muda mrefu kuliko kumfundisha silabi.

Ngazi tatu, kwa ufupi

Ngazi ya kwanza ni mafundisho mazuri kwa kila mtoto darasani. Ya pili ni vikundi vidogo kwa wale ambao somo la kawaida halijawatosha. Ya tatu ni msaada wa karibu, mtoto mmoja au wawili kwa mwalimu, pamoja na uchunguzi wa macho, masikio na mahitaji maalum. Mtoto hupanda na kushuka ngazi hizi kulingana na vipimo. Hakuna anayekaa mahali pamoja mwaka mzima kwa sababu jina lake liliandikwa hapo mwezi wa Januari.

Mpangilio huu ulitokana na fikra za afya ya umma kuhusu kinga na tiba. Huko Marekani ulipata nguvu shuleni baada ya sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu kufanyiwa marekebisho mwaka 2004, ambapo shule ziliruhusiwa kuangalia jinsi mtoto anavyoitikia mafundisho kabla ya kusema ana tatizo la kujifunza. Wilaya nyingi za shule za huko hutumia kadirio la asilimia 80 ya watoto kutoshelezwa na ngazi ya kwanza, 15 kuhitaji ya pili, na 5 kuhitaji ya tatu. Lijue kadirio hilo, ila usilipachike kwenye shule yako kabla hujapima. Nitaeleza sababu baada ya hatua ya kupima.

Kwanza, wapime wote, na muwapime kwa mdomo

Karatasi ya mtihani haikwambii mtoto amekwama wapi. Alama 23 kwa mia zinaweza kuwa za mtoto asiyejua herufi, au za mtoto anayesoma vizuri ila Kiingereza cha swali kimempita. Alama za tathmini ya kitaifa ya gredi ya 6 nazo haziwezi kukupa jibu hilo, tena huja mwishoni mwa gredi hiyo, wakati umeshakwenda.

Unachohitaji ni kipimo kifupi cha kusoma kwa sauti, kama kile ambacho watafiti wa mpango wa Uwezo walizunguka nacho nyumba kwa nyumba Kenya, na ambacho shirika la Pratham la India limekitumia kwa miaka mingi. Kina vipande vinne: silabi, maneno, aya fupi na hadithi. Aya inaweza kuwa hii:

"Babu yangu ni mvuvi. Kila alfajiri huenda baharini na mashua yake. Jana alirudi na samaki wengi. Mama alipika wali na mchuzi."

Mwite mtoto mmoja, mkae kando, mahali wenzake hawasikii. Chini ya mwarobaini uwanjani panatosha. Msalimie, muulize habari za nyumbani, kisha mpe aya. Akiisoma kwa mtiririko, bila kuzidi makosa matatu, mpe hadithi. Aya ikimshinda, mpe orodha ya maneno achague matano mwenyewe. Akisoma manne sawasawa, yuko kiwango cha maneno. Maneno yakimshinda, nenda kwenye silabi. Andika kiwango cha juu alichoweza, mshukuru, mwite mwingine. Ukishazoea, mtoto mmoja huchukua kama dakika tano, kwa hiyo walimu wawili wanaweza kumaliza darasa la watoto 50 kwa asubuhi moja.

Mambo machache ya kuzingatia hapa kwetu.

Mtoto aliyekulia Mji wa Kale au Kisauni akaiona "njia" akatamka "ndia", au akaiona "macho" akatamka "mato", amesoma. Jicho lake limeyatambua maandishi na ulimi wake umeyatoa kwa Kimvita cha nyumbani. Usimhesabie kosa. Aliyeiona "mashua" akasema "maua" ndiye aliyekisia, na hilo ni kosa la kuandikwa.

Pima Kiswahili na Kiingereza mbalimbali, wala usijumlishe matokeo. Tangu gredi ya 4 masomo karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza, na hapo ndipo watoto wengi wa Pwani hupotea. Anayesoma hadithi ya Kiswahili vizuri akashindwa na aya ya Kiingereza hana haja ya kurudishwa kwenye silabi. Kusoma anakujua. Anachohitaji ni msamiati, mazungumzo, na kufunzwa tahajia ya Kiingereza, ambayo haina unyoofu wa Kiswahili. Lakini aliyekwama kwa lugha zote mbili, mwanzishie Kiswahili. Anaisema tangu utotoni, silabi zake hazibadiliki sauti kila neno, na akishafunguka upande huo, ujuzi huvuka nao hadi kwenye Kiingereza.

Ukitaka kupima kasi, alama iliyotumika Kenya kwa msomaji mzuri wa darasa la pili ni maneno 45 kwa dakika kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza. Tofauti hiyo isikushtue, maana neno moja la Kiswahili, kama "walipokutana", hubeba kazi ya maneno kadhaa ya Kiingereza.

Hesabu nayo ipimwe hivyo hivyo: kutambua tarakimu, kujumlisha, kutoa kwa kukopa, kuzidisha, kugawanya. Usitie alama ya vyema na kosa peke yake. Angalia kosa limetoka wapi. Mtoto aliyeandika 52 − 17 = 45 hakubahatisha. Alitoa tarakimu ndogo kwenye kubwa kila safu, kwa hiyo 2 na 7 zikampa 5. Huyo hatasaidika kwa kupewa maswali ishirini ya namna ile ile, kwa sababu ataikosea kanuni ile ile mara ishirini. Mpe vijiti vilivyofungwa kumi kumi, afungue fungu moja kwa mkono wake mwenyewe, na ataona kukopa ni kitu gani.

Pili, zisome hesabu kabla ya kusoma majina

Hapa ndipo mipango mingi hupotea njia. Tuseme gredi za 4, 5 na 6 zina watoto 150, na baada ya kupima Kiswahili umepata hivi: 18 wako kwenye silabi au chini yake, 37 kwenye maneno, 45 kwenye aya, na 50 wanasoma hadithi. Aya ile ni ya kiwango cha watoto wadogo sana, ila kwa sasa waache hao 45 kando. Waliokwama kabla hata ya kufika aya ni 55, zaidi ya theluthi ya watoto wote.

Watoto 55 hawawekwi kwenye vikundi vya watu sita sita. Vingetoka vikundi tisa, na shule haina walimu tisa wa ziada. Idadi hiyo inakwambia jambo moja kubwa: ngazi ya kwanza yenyewe ina pengo, na watoto wamelirithi kutoka gredi za chini. Kanuni ninayoshauri ni hii. Wasiosoma aya wakiwa chini ya moja ya tano, panga vikundi vidogo pembeni ya masomo ya kawaida. Wakizidi theluthi, tenga kipindi kimoja ambacho gredi zote za juu zinajipanga kwa viwango vya kusoma, kila mtoto akiwemo. Wakiwa katikati ya hapo, tazama idadi ya walimu ulio nao, kisha uamue.

Njia ya kujipanga kwa viwango ina ushahidi wa hapa hapa Kenya. Magharibi mwa nchi ulifanywa utafiti katika shule 121 zilizoongezewa mwalimu wa darasa la kwanza. Nusu ya shule ziligawa watoto kulingana na walivyokuwa wanajua, nusu zikagawa bila kuangalia. Waliogawanywa kwa viwango walifanya vizuri zaidi, wa juu na wa chini vilevile, kwa sababu mwalimu alipata darasa analoweza kulifundisha mahali lilipo. Utafiti mwingine wa huko huko uligawa vitabu vya kiada, na vitabu vikawafaa hasa watoto waliokuwa tayari wanafanya vizuri. Vilikuwa vya Kiingereza, na wengi hawakuweza kuvisoma. Kila ninaposikia bodi ya shule ikianza mpango wake kwa kununua vitabu au vishikwambi, huukumbuka utafiti huo. Nunua baada ya kujua nani atavisoma.

Ngazi ya kwanza yenyewe hurekebishwa kwenye gredi za 1 hadi 3. Mradi wa kusoma wa Tusome, ulioingia shule zote za umma mwaka 2015, uliacha mambo matatu yanayofaa kushikiliwa: kitabu kimoja kwa kila mtoto, mwongozo wa mwalimu wenye somo la kila siku, na afisa anayeingia darasani kumsikiliza mwalimu na watoto kisha wakazungumza. Mwalimu mkuu na aulize leo kama vitabu vile viko mikononi mwa watoto au vimefungiwa kabatini visichakae.

Tatu, tafuta saa ndani ya siku ya shule

Ratiba ndiyo roho ya mpango, na Mombasa ina mambo yake.

Watoto wengi huenda chuoni, yaani madrasa, jioni, na Jumamosi na Jumapili asubuhi. Ukiweka kikundi cha kusoma baada ya shule, utakuwa umemwambia mzazi achague kati ya Qur'ani na silabi. Atachagua Qur'ani, na usimlaumu. Waliobaki huwa wanakimbilia kuvuka feri, kulea wadogo zao au kumsaidia mama kuuza viazi karai barazani. Hao ndio hasa unaowataka kwenye kikundi.

Sheria pia inakuelekeza huko huko. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zimeweka masomo ya shule za kutwa kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa na nusu alasiri, na muda unaofuata, hadi saa kumi na dakika arobaini na tano, ni wa michezo na vyama. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 37, imekataza tuisheni ya likizo. Kifungu cha 35 kimekataza kumrudisha mtoto darasa. Kwa hiyo msaada huu hauwezi kuwa wa likizo, wala hauwezi kuwa wa kurudia gredi. Na usiwe wa kulipiwa. Siku mzazi atakapoombwa shilingi hamsini za "rimedio", yaani masomo ya ziada, mtoto maskini kuliko wote ataanza kukosa shule siku za kikundi.

Saa inayofaa ni kipindi cha kwanza au cha pili asubuhi, Jumatatu hadi Alhamisi, gredi za 4, 5 na 6 kwa wakati mmoja. Ijumaa iache, kwa sababu wengi huondoka mapema kwa ajili ya swala na vipindi vya siku hiyo hubanana. Asubuhi ina sababu mbili. Miaka hii Ramadhani inaangukia muhula wa kwanza, na Februari na Machi ndiyo miezi ya joto kali huku kwetu. Mtoto aliyefunga, amekaa chini ya bati saa saba mchana, hata aliye hodari hasomi.

Kipindi kitoke wapi? Gredi za juu zina vipindi vya dakika 35, na Kiswahili, Kiingereza na hisabati vipo karibu kila siku. Vipange vikutane saa hiyo hiyo kwa gredi zote tatu, kisha kwa wiki nane kipindi hicho kiwe cha viwango: siku mbili kusoma, siku moja Kiingereza cha mazungumzo, siku moja hesabu. Kuna mwalimu atakayesema silabasi haitaisha. Mjibu kwa upole kwamba silabasi inayoisha mbele ya mtoto asiyesoma imeisha kwa mwalimu tu, kisha mkae naye muangalie mada zipi zinaweza kuunganishwa.

Kikundi cha silabi kipewe nani? Wengi humpa mwalimu mgeni au mwanafunzi wa ualimu aliyekuja mazoezi kutoka Chuo cha Shanzu. Naona ni makosa. Kikundi hicho kinahitaji mwalimu wa gredi ya 1 au ya 2, aliyefundisha silabi mwaka baada ya mwaka, naye mwalimu wa mazoezi akae na wanaosoma hadithi au ashike darasa la wadogo kwa kipindi kile. Mtoto aliyeshindwa kwa miaka minne anastahili mkono ulio mzoefu kuliko yote shuleni.

Dakika 35 za kikundi cha maneno

Haya ni maelezo ya kipindi kimoja, kwa mwalimu anayeingia kwa mara ya kwanza. Watoto wasizidi ishirini ikiwa mnajipanga shule nzima, au wanane ikiwa ni kikundi cha pembeni. Waketi kwa duara, mkekani, na mwalimu akae nao chini.

Dakika tano za kwanza ni za kuzungumza. Uliza jambo wanalolijua: nani amewahi kwenda soko la Kongowea, aliona nini, kilikuwa bei gani. Andika ubaoni maneno manne waliyoyataja wao: nazi, muhogo, mbuzi, kanga. Kila neno liwe na mtu wake aliyelitoa.

Dakika kumi ni za chati ya silabi. Somesheni safu kwa pamoja, ba be bi bo bu, kisha vunja mpangilio: gusa bu, halafu za, halafu mbi. Hapo ndipo utamjua anayekariri wimbo na anayesoma. Waache waunganishe silabi wenyewe kutunga maneno, hata yasiyo na maana, maana mtoto anayesoma "mbizabu" bila kusita ameshika ujuzi. Wapeni muda wa kutosha wa mbwa, nywa, ng'o na ghu. Huko ndiko wengi hukwama, na vitabu huvipita haraka.

Dakika kumi zinazofuata, aya fupi. Mwalimu asome kwanza akifuata kwa kidole, wasome pamoja, wasome wawili wawili, kisha mmoja mmoja. Mtoto akikwama mpe pumzi mbili tatu ajaribu. Wenzake watataka kumsomea, na kazi ya mwalimu hapo ni kuwazuia.

Dakika saba za kuandika: kila mmoja aandike sentensi yake kwa chaki sakafuni, akitumia neno moja lililoko ubaoni. Dakika tatu za mwisho mwalimu awasikilize watoto wawili peke yao na kuandika kwenye daftari. Kesho wawili wengine, hata ikiwa ni siku ya hesabu au ya Kiingereza. Kwa wiki mbili tatu atakuwa amemsikiliza kila mmoja.

Hakuna fimbo, hakuna kusimamishwa, hakuna kuchekwa. Kifungu cha 36 cha sheria ile kinakataza adhabu ya viboko, na hata kisingekataza, mtoto anayeogopa hukaza macho kwenye mkono wa mwalimu na maandishi yakampita.

Upande wa gharama, utahitaji karatasi za manila, kalamu za wino mzito, chaki, vijiti, vifuniko vya soda vya kuhesabia, mikeka miwili na nakala za aya. Yote hayo yanaingia kwenye mgao wa kawaida wa shule bila kuchangisha.

Ngazi ya tatu: kabla ya kusema mtoto ni mzito

Baada ya wiki sita hadi nane za kikundi, kuna watoto ambao hawatakuwa wamesogea hata hatua moja. Mwalimu wa darasa, mwalimu wa kikundi na naibu wakae wamzungumzie mtoto mmoja mmoja, kwa mfuatano huu.

Anza na rejista. Amekosa siku ngapi? Mtoto anayekosa siku moja kila wiki amepoteza moja ya tano ya mafundisho, na kikundi chochote hakiwezi kulijaza pengo hilo. Tatizo lake liko nje ya darasa. Huenda nyumbani kuna mgonjwa, au anapelekwa kwa nyanya yake kila Alhamisi, au hana sare ya pili. Hapo anahitajika mzazi, na ikishindikana, mzee wa mtaa au chifu.

Kisha macho na masikio. Mweke mbele, mwandikie herufi ndogo ubaoni, umwangalie anavyokunja uso. Simama nyuma yake useme jina lake kwa sauti ya chini. Hiki si kipimo cha daktari, ni cha kukuonyesha nani apelekwe zahanati, na kutoka hapo, ikibidi, Hospitali Kuu ya Pwani. Usaha wa sikio ambao haukutibiwa utotoni umewafanya watoto wengi kuitwa wakaidi.

Halafu muulize mzazi, na ukipata nafasi umuulize ustadhi, mtoto anaendeleaje chuoni. Anayesonga mbele vizuri kwenye Qur'ani, akasoma kwa kutazama msahafu bila kutegemea kukariri tu, ana kumbukumbu, ana macho, ana uwezo wa kuunganisha herufi na sauti. Kilichokosekana ni mafundisho ya herufi za Kilatini, na huyo atafunguka haraka akipata mwalimu wa karibu. Aliyekwama kote kuwili anahitaji uchunguzi zaidi. Swali hili moja limewasaidia walimu niliofanya nao kazi kuliko fomu ndefu, na shule chache huliuliza.

Uchunguzi ukihitajika, mpeleke mtoto kwenye kituo cha tathmini cha elimu maalum, EARC, kupitia ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Barua ya shule isiseme "mwanafunzi dhaifu". Iseme: kiwango chake Januari, kiwango chake sasa, vipindi alivyohudhuria, mambo yaliyojaribiwa kumsaidia, na nakala mbili za maandishi yake. Sera ya serikali ya 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu inasisitiza kuwasomesha pamoja na wenzao inapowezekana, kwa hiyo tathmini isichukuliwe kuwa tiketi ya kumwondoa. Kwa mwenye ulemavu unaohitaji mahali maalum, kaunti ina shule kama ile ya wasioona ya Likoni. Wakati majibu yanasubiriwa, dakika kumi na tano za mtoto peke yake na mwalimu, mara nne kwa wiki, ziendelee. Majibu yanaweza kuchelewa.

Daftari la ufuatiliaji

Liwe moja, la kawaida, lenye mistari. Kila mtoto ukurasa mmoja: kiwango cha kuanzia, kikundi, mwalimu, na kila wiki mbili mstari mmoja wa alichokisoma na alipokwama. "Amesoma maneno yenye mb na nd. Ng' bado." Sentensi hiyo ina faida kuliko asilimia.

Kanuni ya kutoka kikundini iandikwe kabla ya kuanza: akisoma aya mbili tofauti, kwa siku mbili tofauti, bila kuzidi makosa matatu, anapanda kikundi wiki hiyo hiyo. Asingoje mwisho wa muhula. Watoto wakiona mwenzao amepanda siku ya Jumatano, wote wanaanza kusoma kwa bidii.

Mazungumzo na mzazi

Mzazi asiitwe shuleni kusomewa mashtaka. Muite kwa heshima, umkalishe, umwambie kitu anachoweza kukishika:

"Mama, karibu. Tumempima mtoto wetu kusoma. Maneno anayasoma vizuri, aya bado haijakubali. Tumemweka kwenye kikundi cha asubuhi, Jumatatu mpaka Alhamisi, bila malipo. Mwisho wa mwezi tutampima tena na nitakuita nikuonyeshe. Nyumbani nakuomba jambo moja tu, kila jioni akusomee sentensi tatu."

Kuna atakayeinamisha uso na kusema yeye mwenyewe hakusoma. Mwambie haidhuru, mama, wewe sikiliza tu, kisha muulize amesoma kuhusu nini. Akiweza kukueleza, ameelewa. Kazi hiyo haihitaji cheti, na mzazi aliyepewa kazi anayoiweza hurudi shuleni mwenyewe kuuliza.

Kazi ya zoni na kaunti ndogo

Shule moja ikifanya peke yake, mpango hufa mwalimu mkuu akihamishwa. Ndiyo maana ofisi za Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu zina nafasi yao.

Zoni ichague wiki moja ya kupima kwa shule zote, kwa zana moja, yenye matoleo matatu ya aya ili watoto wasikaririshwe. Matokeo yasitangazwe kwa kupanga shule kwanza hadi mwisho. Ukishapanga, mwaka unaofuata utapimiwa watoto waliochaguliwa. Walimu wakuu wakutane, kila mmoja na hesabu zake nne (za silabi, maneno, aya na hadithi), na swali la mkutano liwe moja: nani ana zaidi ya theluthi chini ya aya, na anahitaji nini kutoka kwetu?

Afisa wa mtaala akitembelea shule, na aingie kwenye kikundi cha silabi kwanza, akae mkekani dakika zote 35. Aombe daftari. Achague majina matatu, awaite watoto hao wamsomee, alinganishe na kilichoandikwa. Ziara ya namna hiyo, mara moja kwa mwezi, inawapa walimu nguvu kuliko semina ya siku mbili hotelini.

Palipo na mwalimu hodari wa kusoma katika shule moja, zoni imwombe awapokee wenzake kutoka shule jirani wamtazame akifundisha. Na zile shule zenye sekondari ya msingi kwenye uwanja huo huo zisiwasahau wa gredi ya 7 na 8. Nao wapimwe kwa zana hiyo hiyo, ila wapewe matini ya umri wao: habari za mpira, bandari, biashara. Kijana wa miaka kumi na minne hatakubali kusoma habari za sungura na fisi.

Mwaka unavyokwenda

Pima wiki ya pili au ya tatu ya Januari, watoto wakishatulia. Anza vikundi mara moja, na uende wiki nane, ukipunguza kipindi kwa dakika kadhaa wakati wa Ramadhani badala ya kukifuta. Pima tena kabla ya likizo ya Aprili. Muhula wa pili ndio mrefu na wenye hali ya hewa ya kupendeza, mvua zikishapungua na kusi ikivuma. Ngazi ya tatu ipewe nguvu zaidi hapo, na barua za EARC ziwe zimetoka kabla ya Juni kuisha. Muhula wa tatu ni mfupi na una mitihani ya kitaifa, kwa hiyo usianzishe jambo jipya. Endeleza vikundi vilivyopo, upime mara ya mwisho Oktoba.

Baada ya kipimo hicho, mwalimu wa darasa la sasa na wa darasa lijalo wakae na daftari, ukurasa baada ya ukurasa, na mwalimu mpya atie sahihi kwamba ameyajua majina. Familia za Mombasa huhama nyumba mara nyingi, leo Bamburi, kesho Mikindani, kodi ikipanda. Mtoto anayehamia shule nyingine apewe nakala ya ukurasa wake pamoja na barua ya uhamisho, na naibu ampigie simu naibu mwenzake wa shule anayokwenda, amwambie mtoto huyu alikuwa amefika wapi.